Nyumba ikianguka, kodi iliyolipwa inakwenda wapi?

ILIKUWA Jumapili, Februari 3, 2008, kiasi cha saa tatu na nusu asubuhi. Watu wengi wa Rusizi walikuwa makanisani. Ghafla ardhi ikatikisika, kuta zikayumba, vumbi likafunika vilima. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa karibu 6 katika kipimo cha Richter, na kitovu chake kilikuwa kaskazini ya mji wa Bukavu. Kabla watu hawajamaliza kuchimbua vifusi, saa tatu na ushei baadaye, likaja tetemeko la pili la ukubwa wa 5.

Upande wa Rwanda pekee watu zaidi ya 30 walipoteza maisha katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, baadhi yao wakiwa ndani ya kanisa lililoporomoka. Ng'ambo ya mto waliokufa walikuwa wachache zaidi, lakini nyumba nyingi za Bukavu zilipasuka. Mamia ya watu walijeruhiwa, na wengi walilala nje kwa hofu ya kurudi chini ya paa.

Msiba wa namna hiyo una siku zake za kilio. Baada ya kilio huja hesabu, na hesabu ya tetemeko huwa na mistari ambayo magazeti hayaiandiki. Mmojawapo ni huu: mtu aliyekuwa amepanga chumba au duka, akalipa kodi ya miezi kadhaa mbele, sasa jengo limepasuka na hakuna anayethubutu kuingia. Fedha yake iko wapi? Je, ataendelea kulipa? Nani atajenga upya, na mpaka lini?

Maswali hayo hayakuisha mwaka 2008. Yanarudi kila ukuta unapoanguka, kila mto unapofurika na kila mpaka unapofungwa. Kwa mfanyabiashara wa mpakani na kwa aliyerudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini, watu ambao wengi wao huanza maisha kwa kupanga, hayo ni maswali ya mtaji mzima.

Mama wa vitenge na miezi sita

Tuchukue mfano. Mama anauza vitenge Kamembe. Amekodi duka dogo kwa mwaka mmoja. Mwenye nyumba ametaka kodi ya miezi sita mbele pamoja na amana ya mwezi mmoja. Mama amekusanya akiba, amekopa kidogo kwenye kikundi, amelipa. Mwezi wa pili ardhi inatetemeka. Duka halikuanguka, lakini ukuta wa nyuma umeachana na paa, na ufa unapitisha mkono. Viongozi wa umudugudu wanapita na kusema mtu asiingie.

Mama anamwendea mwenye nyumba. Anaomba arudishiwe kodi ya miezi minne ambayo hataitumia. Mwenye nyumba anajibu kwamba tetemeko si kosa lake, kwamba fedha ile ameshanunulia mabati ya nyumba nyingine, na kwamba jengo litatengenezwa mambo yakiwa mazuri. Mama anauliza mambo yatakuwa mazuri lini. Hakuna jibu.

Hapo hakuna mwizi wala mkorofi. Wapo watu wawili waliopata hasara moja, na kila mmoja anataka mwenzake aibebe. Kazi ya sheria ni kuamua mapema nani atabeba nini, ili siku ya maafa wasishikane mashati.

Eneo lisilotulia

Rusizi iko ndani ya Bonde la Ufa la Magharibi, mahali ambapo ardhi ya Afrika inaachana polepole sana. Ziwa Kivu, volkano za Virunga na matetemeko haya yote ni ndugu wa tumbo moja. Oktoba 2002 tetemeko kubwa lilipiga upande wa Kalehe, kando ya ziwa hilo hilo. Agosti 2015 jingine likatikisa Bukavu na vilima vya Rusizi. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, mitetemo iliyofuata kwa siku kadhaa ilipasua nyumba nyingi Goma na Rubavu, hata zile ambazo lava haikuzifikia.

Si ardhi peke yake. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya udongo magharibi na kaskazini mwa Rwanda na kuua watu zaidi ya 130. Siku moja baadaye, Mei 4, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe, Kongo, vilisombwa na mito, na mamia ya watu wakafa.

Halafu yapo majengo yanayosimama imara lakini hayafai kitu. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, Rwanda ilifunga maduka na mipaka, ikaacha mizigo tu na raia wanaorejea. Juni mwaka huo huo Rusizi ikafungiwa peke yake, wilaya nyingine zikiwa zimeanza kupumua. Mipaka ya nchi kavu ilifunguliwa tena Machi 7, 2022. Mtu aliyekodi ghala karibu na daraja la Rusizi kwa ajili ya wateja kutoka Bukavu alikuwa na kuta nzima, paa zima, mlango mzima, lakini wateja hawakuvuka. Kodi ya ghala, hata hivyo, haikujua kwamba mpaka umefungwa.

Muswada uliorudishwa

Jirani yetu Uganda aliwahi kujaribu kuyaandika mambo haya yote ndani ya sheria moja, na safari ya sheria hiyo ina funzo kwetu.

Kwa miaka mingi wapangaji wa Uganda waliishi kwa sheria za zamani ambazo hazikulingana tena na Kampala ya maghorofa ya maduka. Serikali ikapeleka bungeni Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2018. Juni 2019 Bunge likaupitisha. Wapangaji wakashangilia, wenye maghorofa wakanung'unika. Ikabaki saini ya Rais tu.

Saini haikuja. Rais Yoweri Museveni alikataa kuutia saini na kuurudisha bungeni. Katiba ya Uganda inampa uwezo huo: muswada ukimfikia ana siku 30 za kuukubali, kuurudisha uangaliwe upya, au kulijulisha Bunge kwamba ameukataa. Bunge nalo halikufungwa mikono. Rais akikataa mara mbili, theluthi mbili ya wabunge wote wanaweza kuufanya sheria bila yeye. Lakini hayo ni mambo ya muda, na muda ndio hasa uliowaumiza wapangaji.

Machi 2020 Covid-19 ikaingia. Serikali ya Uganda ikafunga maghorofa ya maduka ya Kampala, yale ambayo wafanyabiashara wa Rusizi na Bukavu wengi wanayajua kwa kununulia nguo, viatu na vipuri. Yalikaa yamefungwa hadi mwishoni mwa Julai 2020. Bidhaa zilikuwa ndani, wenye maduka walikuwa majumbani, na walipofunguliwa wengi walikuta wanadaiwa kodi ya miezi ambayo hata mlango hawakuruhusiwa kuugusa. Ugomvi wa kodi hiyo uliendelea kwa muda mrefu kati ya wafanyabiashara na wenye majengo. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini hakuna uliokuwa na kifungu cha sheria mpya cha kushika mkononi.

Bunge lilifanya kazi hiyo upya, na mwaka 2022 Uganda ikapata sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji. Sheria hiyo inakataza kupangisha nyumba isiyofaa kukaliwa na binadamu. Inataka mkataba wa maandishi pale kodi inapofikia shilingi 500,000 za Uganda. Inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi. Inakataza pia kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. Ilikuwa hatua kubwa. Ila kwa muuza nguo aliyefilisika mwaka 2020, ilikuwa mvua iliyonyesha baada ya mavuno kukauka.

Funzo lake ni kwamba muswada si sheria, na ahadi ya sheria hailipi kodi. Kati ya siku ambayo wabunge wanapiga makofi na siku ambayo mpangaji analindwa, kunaweza kupita miaka mitatu na janga moja zima.

Sheria mbili za mababu

Kwa nini nchi za Afrika Mashariki hazifanani katika jambo hili? Jibu liko mbali kidogo, lakini linaeleweka.

Mwaka 1647, Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mpangaji mmoja aliyeitwa Jane alishtakiwa na mwenye ardhi, Paradine, kwa kutolipa kodi ya miaka mitatu. Jane akajitetea kwamba jeshi la Rupert, mwana wa mfalme kutoka Ujerumani, liliivamia ardhi hiyo, likamfukuza na kuikalia. Atalipaje kodi ya mahali asipokaa? Mahakama ikamjibu bila huruma: uliahidi kulipa, kama ulitaka kusamehewa siku ya vita, ungeliandika hilo katika mkataba wako. Lipa.

Msomaji wa mpakani, ambaye ameshuhudia majeshi yakipita, ataona kwamba kesi hiyo ya karne ya 17 si hadithi ya mbali.

Upande wa Ufaransa mambo yalikwenda tofauti. Kanuni za kiraia za Napoleon za mwaka 1804 zilisema kwamba nyumba iliyopangishwa ikiharibika yote kwa bahati mbaya, mkataba umekwisha papo hapo. Ikiharibika sehemu, mpangaji anachagua kulingana na hali: apunguziwe kodi au mkataba uvunjwe. Katika hali zote mbili hakuna anayemlipa mwenzake fidia. Wabelgiji wakaichukua kanuni hiyo, wakaipeleka Kongo kwa amri ya Julai 30, 1888, na baadaye ikatumika Ruanda-Urundi. Kwa hiyo kwa miongo mingi mpangaji wa Cyangugu na mpangaji wa Bukavu, bila kujua, walikuwa chini ya kanuni moja iliyoandikwa Paris.

Nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza zililazimika kutunga sheria ili kumtoa mpangaji katika shimo la Jane. Tanzania ilifanya hivyo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na Kenya ikafuata katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kwa maneno yanayokaribiana. Jengo likiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata lisifae kutumika, kodi yote au sehemu inayostahili inasimama mpaka litengenezwe. Miezi sita ikipita bila kutengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya mwezi mmoja. Masharti hayo huhesabiwa kuwa yamo ndani ya mkataba, hata kama wahusika hawakuyataja.

Hebu mpigie picha mama wetu wa vitenge angekuwa Kigoma. Asingebishana juu ya mwezi wa tatu. Kodi ingesimama siku ile ile, na saa ya miezi sita ingeanza kuhesabu.

Ukivuka daraja

Wafanyabiashara wengi wa Rusizi wana mguu mmoja Kamembe na mwingine Bukavu. Wanakodi meza au duka upande mmoja na ghala upande wa pili. Hao wanapaswa kujua kwamba wakivuka Mto Ruzizi wanavuka pia sheria.

Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zilizooanisha sheria za biashara. Sheria ya biashara ya umoja huo, iliyopitishwa Lomé Desemba 2010, inahusu majengo yote ya biashara yaliyopangishwa, kwa mkataba wa maandishi au wa mdomo. Inasema kwamba matengenezo makubwa ni mzigo wa mwenye jengo, na inayataja: kuta kubwa, boriti, paa, kuta za kuzuia udongo, uzio, mashimo ya maji machafu. Wakati wa matengenezo kodi inapungua kulingana na muda na sehemu ambayo mpangaji amenyimwa. Ikiwa haiwezekani kabisa kutumia jengo, mpangaji anaweza kuomba mahakamani mkataba uvunjwe, au usimamishwe hadi kazi iishe. Na mwenye jengo akikataa kutengeneza, mpangaji anaweza kuiomba mahakama imruhusu kutengeneza mwenyewe kwa gharama ya mwenye jengo.

Kwa nyumba za kuishi, Kongo ina sheria yake ya Desemba 31, 2015, ambayo pamoja na mengine inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa amana, ile ambayo Bukavu huitwa garanti. Kila anayeijua Bukavu anajua pia kwamba wenye nyumba wengi walikuwa wakidai zaidi.

Haki ya kwenye karatasi, bila shaka, inahitaji mahakama inayofanya kazi. Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na tangu hapo swali la nani atasikiliza kesi ya kodi limekuwa gumu kuliko swali la sheria inasemaje. Ni sababu nyingine ya kutotegemea mahakama peke yake.

Na hapa kwetu?

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009 na kuanza kusogea kutoka sheria ya Kibelgiji. Mwaka 2011 ikapitisha Sheria namba 45/2011 ya mikataba. Mwaka 2019 sheria nyingine, namba 020/2019 ya Agosti 22, ikafuta kwa mkupuo sheria zote zilizoanza kutumika kabla ya uhuru. Amri ya zamani ya 1888, iliyokuwa na kanuni ya nyumba iliyoharibika, ikaenda na maji hayo.

Kilichobaki mkononi mwa mpangaji ni sheria ya mikataba kwa ujumla. Inasema mambo mawili yenye uzito. La kwanza, mkataba uliofanywa kihalali ni sheria kati ya walioufanya, na lazima utekelezwe kwa nia njema. La pili, pale tukio lisilo kosa la mtu linapofanya ahadi isitekelezeke, au linapoua lengo lenyewe la mkataba, wajibu unaweza kuondoka.

Hilo la kuua lengo ndilo linalomgusa mwenye ghala la mpakani. Lina historia yake pia. Mwaka 1902 mtu mmoja London alikodi vyumba kwa siku mbili ili aangalie maandamano ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Mfalme akaugua, maandamano yakaahirishwa. Vyumba vilikuwepo, madirisha yalikuwepo, lakini barabarani hakukuwa na kitu cha kutazama. Mwaka 1903 mahakama ikaamua kwamba hakupaswa kulipa kilichobaki. Tangu Jane hadi hapo ilikuwa imepita miaka zaidi ya 250.

Lakini kanuni ya jumla ni kama shati la kila mtu: linavalika, ila halimkai yeyote sawasawa. Haisemi kodi itasimama siku ipi. Haisemi mwenye nyumba ana miezi mingapi ya kutengeneza. Haisemi amana itarudi lini. Hayo yote yanaachiwa wahusika wakubaliane, au jaji apime. Na njia ya kwenda kwa jaji ina gharama. Kamati za abunzi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai madogo ya kiraia yasiyozidi faranga milioni tatu, na huko kwanza hutafutwa upatanisho. Hata hivyo, mikataba ya kibiashara haikuwekwa chini yao, kwa hiyo mwenye duka anaweza kujikuta mlangoni mwa mahakama hata kwa deni dogo.

Aliyerudi na sheria ya alikotoka

Rusizi imejaa watu waliorudi. Wapo waliokulia Kongo, Burundi, Tanzania au Uganda na kurejea baada ya 1994. Wapo waliokimbilia Bukavu mwaka ule na kurudi 1996 au baadaye. Kila mmoja amerudi na mazoea ya upangaji ya alikoishi. Aliyetoka Tanzania anaamini kodi inasimama yenyewe jengo likiharibika. Aliyetoka Bukavu anaamini paa ni kazi ya mwenye nyumba daima. Aliyetoka Kampala anaamini hawezi kutolewa bila amri ya mahakama. Kisha wote watatu wanakaa na mwenye nyumba mmoja wa Kamembe, wanapeana mikono, na hakuna anayemwuliza mwenzake anaamini nini.

Siku ya tetemeko ndipo wanagundua kwamba walipeana mikono juu ya mambo matatu tofauti.

Tusimsahau mwenye nyumba. Wengi wa Rusizi si matajiri. Ni mjane aliyejenga vyumba vinne kwa matofali ya udongo, au mstaafu anayelipa mkopo wa benki kwa kodi hizo hizo. Tetemeko likipiga, yeye amepoteza jengo na mapato kwa mkupuo mmoja, na benki haimsamehi. Sheria inayomwambia arudishe kodi ya miezi sita kesho asubuhi inaweza kumwangusha kabisa. Ndiyo maana kanuni nzuri, kama ile ya miezi sita ya Tanzania na Kenya, haimwadhibu mwenye nyumba. Inasimamisha kodi na kumpa muda. Kila upande unabeba kipande chake: mpangaji anabeba usumbufu, mwenye nyumba anabeba jengo.

Karatasi moja kabla ya ufunguo

Mahakama iliyomhukumu Jane mwaka 1647 haikuwa na huruma, lakini ushauri wake bado unafaa: ungeliandika. Kwa kuwa sheria ya Rwanda inaupa mkataba nguvu ya sheria kati ya wahusika, mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kujitungia wenyewe kile ambacho Bunge la Uganda lilihangaika nacho miaka mitatu. Hakuna Rais atakayekirudisha.

Mambo matano yanatosha. Kwanza, jengo lisilofaa ni lipi? Andikeni kwamba ni lile ambalo uongozi wa akagari au umurenge, au fundi mliyemkubali wote, amesema lisiingiwe. Pili, kodi inasimama lini? Andikeni kwamba inasimama siku hiyo hiyo, na kama sehemu tu imeharibika, inapungua kwa kadiri ya sehemu hiyo. Tatu, nani anatengeneza na kwa muda gani? Kuta, paa na misingi viwe vya mwenye nyumba. Wekeni miezi mnayoiweza, mitatu au sita. Nne, muda ukipita, kodi iliyolipwa mbele na amana virudi vipi? Kama mwenye nyumba hawezi kulipa kwa mkupuo, kubalianeni mapema awamu ngapi. Tano, bidhaa zilizobaki ndani: nani ana ruhusa ya kuingia kuzitoa, na mbele ya shahidi gani?

Kwa wa mpakani ongezeni la sita. Mpaka ukifungwa kwa amri ya serikali zaidi ya siku kadhaa mtakazozitaja, kodi itakuwa nusu, robo au chochote mtakachokubaliana. Mwaka 2020 hakuna aliyedhani kwamba mstari huo una maana. Leo kila mtu wa Rusizi anajua.

Maneno yasiwe makubwa. Mtu anaweza kuandika hivi: "Nyumba ikiharibika bila kosa la mpangaji hata isiweze kutumika, kodi itasimama tangu siku hiyo. Isipotengenezwa ndani ya miezi mitatu, mpangaji anaweza kuondoka na kurudishiwa kodi ambayo hakuitumia pamoja na amana." Sentensi mbili. Ziandikwe kwa Kinyarwanda au Kiswahili, lugha ambayo wote wawili wanaisoma, zitiwe saini mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Stakabadhi ya kila malipo itunzwe nje ya duka, kwa sababu karatasi iliyo chini ya kifusi haishuhudii kitu.

Na kwa yule ambaye tayari ameshalipa bila kuandika? Maafa yakitokea, apige picha za nyufa siku hiyo hiyo, kabla mtu hajapaka chokaa. Amwite kiongozi wa umudugudu aone na aandike. Ampe mwenye nyumba barua, si simu peke yake, akieleza kilichoharibika na anachoomba. Asiache kulipa kimyakimya, maana kimya huhesabiwa deni. Na asirudishe ufunguo bila karatasi inayoonyesha tarehe, maana siku ya ufunguo ndiyo siku ambayo wengi huja kubishania.

Kuna methali ambayo Waswahili huitumia kwa mambo mengine: usipoziba ufa utajenga ukuta. Rusizi methali hiyo haina fumbo. Nyufa tunazo, zinaonekana, na ardhi iliyozileta haijatulia. Ukuta ni kazi ya fundi na ya mwenye nyumba. Lakini ufa ulio kati ya mpangaji na mwenye nyumba unazibwa kwa kalamu, siku ya kupeana ufunguo, wakati wote wawili bado wanacheka.